Sura ya Nane: Picha Namba Kumi na Moja

“Bure ni bure! Mlango imeandikwa bure, mimi nimeingia bure, na nitasema bure!”

“Mama, kuingia ndiko bure. Kupiga kelele si sehemu ya maonyesho.”

“Basi toa hiyo uongo kwa ukuta, nitanyamaza.”

Wageni kumi na wawili hivi waliokuwa ukumbini waliacha picha, wakageukia ugomvi. Upande mmoja alisimama Akoru, msusi wa vikapu kutoka Nawoitorong, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni, kidole chake kikiwa karibu kabisa na picha namba kumi na moja. Upande wa pili alikuwa Benard Wandera, mkuu wa Chuo cha Sanaa cha Natome, amevaa koti kamili katika joto la Lodwar na jasho limelowesha kola.

“Hapo imeandikwa mwaka gani? Nisomee,” Akoru alisema.

“Elfu moja mia tisa sitini na saba. Bruda Anselmi, mwanzilishi wa chuo hiki, aliichora akiwa amekaa kando ya mto Turkwel. Alikuwa na macho yake mawili, mama.”

“Na mimi niko na yangu. Hii ni nini?”

“Kichaka.”

“Kichaka gani?”

“Mama, mimi si mtu wa miti.”

“Hii ni etirae. Nyinyi mnaita mathenge. Mwaka hiyo mimi ni msichana, nachunga mbuzi hapo hapo. Kulikuwa mkoma, kulikuwa ewoi, ile mgunga yenu. Etirae hakuna! Ililetwa na watu wa miradi, mimi niko na watoto wawili tayari. Nilipanda mwenyewe, na hii mkono. Unachimba shimo kumi, unapewa kikombe ya mahindi. Nilichimba mpaka kucha ikatoka. Sasa inakula shamba yangu, inamaliza meno ya mbuzi yangu, halafu wewe unaniambia Bruda aliiona kabla mimi nipande?”

“Bruda alikuwa nabii!” mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Wandera hakucheka. “Epuyo! Msindikize mama nje.”

Epuyo, mlinzi wa chuo, alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake. Hakusogea. Alimwambia Akoru maneno machache kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, akiinamia viatu vyake.

Akoru akamgeukia Wandera. “Umesikia? Askari yako anasema ninyamaze, hata yeye aliwaambia juu ya hiyo mti.”

“Aliwaambia akina nani?”

Aliyeuliza hakuwa Wandera. Alikuwa Inspekta Makena, ambaye kwa dakika kumi alikuwa kando ya dirisha akijifanya anasoma maelezo ya picha. Alivaa gauni la kawaida na malapa. Wandera alipomwona, mkono wake ulienda kwenye kola.

“Inspekta. Sikukuona ukiingia.”

“Tangazo limesema wote wanakaribishwa.”

Kwa wiki saba Makena alikuwa akimtafuta Elie, Mkongomani mchoraji wa vibao vya maduka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Elie alipanda gari kuja Lodwar Jumapili moja na hakurudi. Simu yake ilizimika jioni ile ile, na mnara wa mwisho kuinasa ni ule ulio nyuma ya ukuta wa chuo hiki. Mara mbili Makena alibisha lango, mara mbili Wandera akamwambia hamjui mtu huyo na kwamba bila kibali cha mahakama hataingia. Hakimu naye alisema mnara wa simu si sababu ya kutosha. Kisha, Ijumaa, chuo kikabandika matangazo mji mzima: hazina yake ya zamani, picha thelathini na nne, ingewekwa wazi kwa umma kwa siku tatu. Kiingilio bure. Makena hakuhitaji tena hakimu.

Picha ile alikuwa ameshaitazama. Ng'ombe wanakunywa maji, mtu mrefu ameegemea mkuki, ukingo wa mto una kijani. Hakuona kosa lolote. Yeye ni mtu wa Meru, na miaka sita aliyokaa Turkana mathenge imekuwa kila mahali, hata nyuma ya kituo cha polisi. Wandera alitoka Busia. Aliyechora hakuwa amezaliwa hapa pia.

“Epuyo,” Makena alisema, “uliwaambia akina nani?”

“Sikusema kitu, madam.”

“Mama amesikia.”

“Mama ni mzee. Masikio yake yamechoka.”

“Masikio yangu!” Akoru alifoka. “Ngoja mama yako asikie vile umeniita.”

Makena alishika fremu ya picha namba kumi na moja kwa mikono miwili, akaiinua kutoka kwenye msumari.

“Inspekta! Hiyo ni mali ya historia!”

“Nionyeshe palipoandikwa usiguse.”

Hapakuwa palipoandikwa. Aliigeuza. Mbao za fremu zilikuwa kuukuu kweli, na misumari yake ilikuwa na kutu. Lakini kitambaa kilichokunjwa nyuma kilikuwa turubai nene, na kwenye ukingo mmoja palikuwa na mstari wa matundu ya sindano, sawasawa, kama mahali paliposhonwa kisha pakafumuliwa. Pembeni kabisa palikuwa na jicho la shaba, lile la kupitishia kamba ya hema.

Alipiga picha tatu kwa simu. Akairudisha ukutani, akateremsha namba kumi. Hiyo ilichorwa juu ya ubao mgumu, wenye harufu ya vumbi na mikojo ya popo. Namba kumi na mbili, ubao. Namba kumi na tano, turubai. Alizunguka ukumbi mzima, Wandera nyuma yake akizungumza kuhusu sheria, hadi alipomaliza. Mbao ishirini na nane. Turubai sita.

“Bruda Anselmi alichora kwenye hema?”

“Vifaa vilikuwa haba siku zile.”

“Rejista ya picha iko wapi?”

“Iliharibiwa na mchwa.”

“Lini?”

“Mchwa hawaandiki tarehe, Inspekta.”

“Zile sita za turubai ndizo nzuri zaidi. Hata mimi nisiyejua kitu naona hivyo. Zile za zamani, zenyewe, zimeenda wapi? Zimeuzwa?”

Wandera alifungua koti, akatoa simu. “Mkuu wako wa kituo anajua uko hapa?”

“Mwambie nimemsalimia.”

Alipotoka, Akoru alikuwa chini ya kivuli cha paa akinywa maji ya mlinzi. “Ejok,” Makena alimsalimu. Yule mama alimkagua tangu malapa hadi nywele.

“Ejok-noi. Wewe ni polisi na unavaa hiyo viatu?”

*

Asubuhi yake alikuwa Kakuma saa tatu. Nyumba ya Elie ilikuwa ya udongo na bati, kati ya kinyozi Msomali na mama wa Sudan Kusini aliyeuza mkaa. Juu ya mlango wa kinyozi palikuwa na vichwa vitano vya vijana, kila kimoja na mkato wake wa nywele, vyote vikimtazama mpita njia kana kwamba vinamdai salamu. Elie alivichora.

Mkewe, Mapendo, alimwekea Makena kiti, yeye mwenyewe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Umemupata?”

“Bado.”

“Bado,” Mapendo alirudia. “Kila mutu anasema bado. Ofisi inasema bado. Pasta anasema tuombe bado.”

“Mama Mapendo, nina maswali. Nijibu moja moja. Elie alikuwa na hema?”

“Tulipewa tukifika, mbele ya kujengewa nyumba. Iko nyuma, imefunika kuni.”

“Nionyeshe.”

Hema lilikuwa limetandazwa juu ya rundo la kuni, na mvua mbili tatu za mwaka zilikuwa zimelitoa rangi. Makena alilivuta likaanguka chini, akalinyoosha. Sehemu kubwa haikuwepo. Ilikatwa kwa kisu kikali, mistari imenyooka. Alitoa futi ya fundi kwenye mkoba, akapima. Ukumbini hakupata nafasi ya kutoa futi, lakini alipima kwa shibiri: picha namba kumi na moja ilikuwa shibiri tano kwa nne na kidogo. Akapima pengo, akaongeza upana wa mkunjo wa nyuma. Lilikaa. Mapengo yalikuwa sita. Kwenye kona iliyobaki palikuwa na macho ya shaba matatu, na la nne limekatwa pamoja na kipande.

Akaandika vipimo vyote, akamfanya Mapendo aweke sahihi.

“Alikuambia anachora nini?”

“Picha za kizee. Patron alikuwa anamutumia foto kwa telefone, yeye anachora vile vile; pahali foto haionekani anajaza na kichwa yake. Alisema ni ya mashule, ya kufundisha batoto. Kazi nzuri. Alikuwa anaimba akichora, mama. Mwaka muzima sikusikia yeye anaimba, halafu picha zikakuja, akaimba.”

“Patron huyo ni nani?”

“Sijui jina. Alimuita Patron tu.”

“Ulimwona?”

“Hapana. Ni sauti. Alikuwa anapiga kwa telefone yangu, ya Elie ikiisha moto.”

“Sauti ya Mturkana?”

Mapendo aliwaza. “Hapana. Ya mutu wa masomo.”

Mwisho alileta simu yenye kioo kilichopasuka, iliyotoka kwa fundi wiki hii. Elie alimwachia ujumbe wa sauti Jumapili ile akiwa stendi ya Lodwar. Makena aliusikiliza mara tatu, akauandika neno kwa neno. Honi za magari, kisha sauti ya mwanaume aliyekuwa karibu kucheka: “Mapendo, usikasirike. Wameona muti moja haistahili kuwa pale. Mulinzi wao ndiye aliona, fikiria! Nafuta muti moja tu, kesho niko nyumba. Na leo nitawaomba kitu: waandike jina yangu chini. Kadogo tu. Hata nyuma.”

Mapendo aliizima kabla haijaanza tena.

“Naomba namba ya huyo Patron,” Makena alisema.

Aliituma kwa rafiki yake wa kampuni ya simu na wakasubiri. Mama wa mkaa alipita akamsalimu Mapendo, akamtazama Makena, akapunguza mwendo ili asikie. Jibu liliingia baada ya nusu saa. Laini ilikuwa imezimwa tangu Jumapili ile. Imesajiliwa kwa kitambulisho cha Epuyo Lokwang, mlinzi, Lodwar.

Makena aliisoma mara mbili. Sauti ya mtu wa masomo, laini ya mlinzi.

“Ni vibaya?” Mapendo aliuliza.

“Mwenye sauti hakuacha jina lake popote.”

“Mama polisi, mimi nakuambia kitu moja, halafu utaenda.” Mapendo alisimama, akakung'uta kanga. “Nyumba ya pili wanasema Elie iko Nairobi na bibi mwingine. Kwa masomo batoto wangu wanachekwa. Kwa chakula wananiuliza bwana yako iko wapi, nawaambia nini? Niseme amekufa, nani aliona? Siwezi kukalia kilio bila mutu. Ndugu zake wako Kalobeyei, wananiambia, unakalia kilio ya nani? Ya hewa? Mimi minajua amekufa. Tangu ile Jumatatu minajua. Sitaki korti. Korti itanipikia? Leta yeye nimuzike, hata kama ni mifupa.”

“Kazi yangu ni kumshika aliyemdhuru.”

“Hiyo ni kazi yako,” Mapendo alisema. “Mimi nimekuambia yangu.”

*

Saa saba na nusu Makena aliegesha gari mbele ya chuo. Mlango ulikuwa wazi, tangazo la bure bado liko juu yake, na ndani wanafunzi wa shule moja ya msingi walikuwa wakipita kwa foleni. Kati ya picha namba kumi na namba kumi na mbili kulikuwa na msumari mtupu. Alitembea akihesabu. Misumari mitupu sita.

Nyuma ya jengo, penye tanuri la wachomaji vyungu, alikuta jivu bado lina moto. Alilichakura kwa kijiti. Mbao za fremu zilikuwa zimekwisha. Alipata macho mawili ya shaba, meusi, akayatia kwenye bahasha. Macho ya shaba yako kwenye kila hema Turkana nzima.

“Tuliziondoa kwa usalama,” Wandera alisema nyuma yake. Leo hakuwa na koti. “Mtu fulani alizishika kwa mikono jana. Zimeanza kubanduka rangi.”

“Kwa hiyo ukazichoma.”

“Hizo ni takataka za darasani. Picha ziko kwa mtaalamu.”

“Mtaalamu gani, wapi?”

“Nitakuletea barua yake. Wakili wangu ataileta.” Alimtazama akiwa mtulivu. “Inspekta, una watoto?”

“Wawili.”

“Basi nenda nyumbani mapema siku moja. Mkuu wako anakutafuta.”

Mkuu wa kituo alikuwa amempigia mara nne. Makena alimpigia akiwa ndani ya gari, madirisha yamefunguliwa.

“Makena, mwenyekiti wa bodi ya chuo amekaa mbele yangu. Uligusa picha bila kibali?”

“Nilizigeuza, afande. Sita ni bandia. Aliyechora ni yule mkimbizi aliyepotea. Nina vipimo vya hema, nina ujumbe wa sauti.”

“Hizo sita ziko wapi?”

“Zimechomwa.”

“Una nini mkononi?”

“Picha za simu. Na bikizee mmoja anayejua miti.”

Mkuu alipumua kwa nguvu. “Laini ya simu ni ya nani?”

“Ya mlinzi.”

“Basi una mlinzi. Mlete huyo mlinzi, tumfungulie mashtaka, tumalize. Kama hutaki mlinzi, andika mkimbizi aliondoka kambini bila ruhusa na hajulikani aliko. Chagua moja kabla ya jioni. Kesho kesi haiko mezani kwako.”

Epuyo hakuwa langoni. Makena alimkuta kwenye kibanda chake upande wa pili wa ukuta, ameketi juu ya ekicholong, kigoda chake cha mbao, anakunja blanketi. Mfuko wa safari ulikuwa tayari.

“Unaenda wapi?”

“Lowarengak. Kwa kaka yangu. Anavua samaki.”

“Nani amekupa ruhusa?”

“Bwana Wandera. Amesema nipumzike.”

“Akishakwenda Epuyo Lowarengak, polisi watasema Epuyo amekimbia. Umelifikiria hilo?”

Epuyo aliacha kukunja.

Makena aliketi juu ya debe, akafungua daftari. “Laini iliyompigia Elie ni ya jina lako.”

“Alinituma nimsajilie. Alisema kitambulisho yake imepotea.”

“Nani?”

“Wewe unajua.”

“Sema.”

“Bwana Wandera.”

Akaandika. “Mti.”

“Mimi nilicheka tu, madam. Nilikuwa napanguza vumbi, nikaona etirae. Nikamwambia, bwana, hii picha ya zamani iko na mti ya juzi. Nilifikiri atacheka pia. Akamwita mchoraji aifute. Haikufutwa, na bwana akasema iwekwe tu, wageni hawajui miti.” Alijipangusa uso kwa blanketi. “Kama ningenyamaza, yule mtu hangerudi.”

“Jumapili.”

Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa, na Makena hakumkatiza. Elie alifika saa sita. Ndipo alipoziona picha zake kwa mara ya kwanza ukutani, ndani ya fremu kuukuu, na jina la Bruda chini. Aliuliza, hizi si za shule? Wandera akamwambia afute mti aende. Elie alisema atafuta, lakini waandike jina lake, hata nyuma. Wandera alikataa. Elie akapanda ngazi, akasema basi anaziteremsha, ni zake. Wandera akaivuta ngazi.

“Aliivuta au iliteleza?”

“Aliivuta. Nilikuwa mlangoni. Kichwa ikapiga chuma ya kusimamishia picha.”

“Alikufa hapo?”

“Hapana.” Epuyo aliliweka blanketi chini. “Alikaa mpaka saa kumi na moja. Alikuwa anapumua. Nikasema tupeleke hospitali, hospitali iko hapa, hata kwa miguu. Bwana akasema wakiuliza huyu ni nani tutasema nini. Tukakaa. Mimi nilikaa na yeye, nikimshikia kichwa. Aliongea kidogo, kwa lugha yao.”

Kalamu ilisimama. Makena alifungua ukurasa mwingine. “Mwili.”

“Hapo sitasema.”

“Epuyo.”

“Sitasema kama unaandika.”

“Hii ndiyo kazi yangu, kuandika. Utasimama mahakamani useme hivi ulivyosema, Wandera atafungwa.”

“Mahakama gani, madam? Laini ni yangu. Koleo ni yangu. Nilimbeba kwa mkokoteni yangu, watu wakaniona, nikawaambia ni mchanga. Nani aliona bwana akivuta ngazi? Mimi. Na mimi ni nani? Wakili yake atauliza, Epuyo, ulienda shule mpaka darasa gani?” Alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. “La pili, madam. Niko na watoto watano.”

“Naweza kukuweka ndani sasa hivi.”

“Niweke. Ndani nitasema sijui. Nitasema sijui mpaka nife, na yule ataliwa na maji.”

“Maji gani?”

Epuyo alielekeza kidole nje ya kibanda. Upande wa milima, mbali, anga lilikuwa jeusi kama sufuria. Lodwar penyewe jua lilikuwa linachoma.

“Huko inanyesha tangu asubuhi. Ni ng'ambo ya ile mto kavu, Kawalase, kwa ukingo. Nilichimba kidogo, ardhi ilikuwa ngumu, nikajaza mawe. Wazee wetu, mtu wa kawaida walikuwa wanamwacha tu porini. Mimi nilimwekea mawe. Lakini Kawalase ikishuka na nguvu inabeba hata lori. Labda leo jioni. Labda saa hii imeanza.”

Simu ya Makena iliita. Ilikuwa kituo. Hakuipokea.

“Ukinionyesha,” alisema, “na nikiandika umenionyesha, ni wewe uliyezika. Mkuu anataka mlinzi. Atapata mlinzi.”

“Ndiyo.”

“Nisipokuandika, sina shahidi. Wandera atalala kwake leo, na kesho, na mwakani.”

“Hata ukiniandika atalala kwake.”

Makena alirudi nyuma kwenye daftari, akahesabu kurasa alizoandika tangu aketi. Zilikuwa nne. Alizisoma zote toka mwanzo, kwa mwendo wa mtu anayekagua hati kabla ya kuitia sahihi, kisha akazishika pamoja, akazing'oa. Akamkabidhi Epuyo.

“Zichome sasa. Hapa. Nikiona.”

Epuyo aliwasha kiberiti. Karatasi ziliungua polepole, wino ukageuka kahawia kabla ya kupotea. Makena alizikanyaga zilipobaki majivu, kisha akapiga simu dawati la kituo. Koplo aliyepokea alikuwa na kitu mdomoni.

“Meza kwanza,” Makena alimwambia. “Fungua kitabu cha matukio. Saa nane na dakika hamsini. Andika: mwili wa mwanaume umeonekana umefukiwa ng'ambo ya Kawalase. Inspekta Makena anaelekea huko. Leta gari, turubai na watu wanne, haraka, mto unakuja. Mwenye mwili ana mke Kakuma, nitakupa namba, mpigie aje kumtambua.”

“Mshukiwa, afande?”

“Hakuna.”

“Sawa. Na mtoa taarifa?”

Epuyo alikuwa tayari nje, koleo begani, anamsubiri.

“Mchunga mbuzi aliyekuwa akipita,” Makena alisema. “Andika hajulikani.”